Mwaka wa Mayai ya Shosho

Kijitabu cha mazishi ya Mama Njoki kilikuwa na kurasa nane za rangi, na ndani yake hamkuwa na kobe hata mmoja. Kulikuwa na picha yake akiwa na kwaya, picha yake na wajukuu, na moja kubwa ambapo amesimama mbele ya kibanda cha kuku na trei ya mayai mkononi, anacheka. Maisha yake yalisomwa na mpwa wake aliyevaa miwani ya jua: alizaliwa, akaokoka, akaolewa, akahamia Kitengela wakati pundamilia walikuwa bado wanapita kwenye ploti za watu, akafuga kuku, akasomesha watoto, akawa mweka hazina wa kikundi cha akina mama, akaugua, akapumzika. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya hema, hapo hapo nyumbani kwake mtaa wa Noonkopir, kati ya kibanda cha kuku na tangi la maji, na kadiri mpwa alivyoendelea kusoma ndivyo nilivyozidi kukasirika. Mimi ni mtu wa kukasirika mazishini. Wengine hulia, mimi huwatafuta waliokosea. Kando yangu alikuwa Daktari Lemayian, mzee sasa, fimbo katikati ya magoti, kofia ya suti pajani. Tulikuwa hatujaonana kwa muda mrefu. Alikuwa amenisalimu kwa Kimaasai, "Takwenya, Nashipai," nami nikamjibu "Iko" kama msichana, ilhali nina nywele nyeupe na wanafunzi wangu wa biolojia kule Kajiado huniita Shosho, yaani bibi, nikiwapa kisogo. Mpwa alipofunga kijitabu, Daktari aliniinamia. "Hawajataja kobe," akasema. "Hawajui, Daktari." "Si wewe unajua? Enda useme. Mimi na hii miguu nitafika huko mbele saa ngapi?" Lakini mwenye kipaza sauti alikuwa ameshawaita wanasiasa, na wanasiasa wakishaitwa, marehemu anasubiri. Sikusema. Ndiyo maana nayaandika hapa.

Ya kwetu nitayaacha. Kila mtu ana kwao, na mengi yanafanana. Nitaanzia mwaka nilipomaliza kidato cha nne, nikawa nasubiri chuo ambacho hakikuwa na haraka nami, Daktari akaniambia nije nimsaidie. Alikuwa amestaafu kazi ya mifugo ya serikali kule Kajiado, na kila aliyekuwa na ng'ombe kuanzia mjini hadi Namanga alikuwa na hadithi yake kuhusu mkono wa Daktari na ndama aliyekataa kutoka. Shamba lake lilikuwa nje kidogo ya Kitengela, na nusu yake ilikuwa machimbo ya mawe yaliyoachwa. Wachimbaji walipomaliza mawe mazuri ya kujengea waliondoka, wakaacha shimo lenye kuta zilizopasukapasuka, ambalo hakuna mtu angelinunua hata kwa maombi. Mkewe alikuwa amefariki, watoto wako mbali. Alikuwa na jikoni moja ya mabati yenye masizi hadi kwenye dari, chumba kingine cha mabati kilichoungana nayo, na lile shimo. Katika shimo hilo ndimo walimoletwa kobe.

Hawa si kobe wale wenye mgongo wa mviringo tuliowazoea sisi. Huyu ni bapa, kama aliyekaliwa na mtu mnene, na ndiyo maana watu humwita kobe chapati. Gamba lake ni jepesi, ukilibonyeza kwa kidole linabonyea. Adui akija hajifichi ndani ya gamba. Anakimbia, naam, kobe anayekimbia, anajipenyeza kwenye ufa wa jabali na kukaza miguu humo, na hata umvute vipi hatoki. Kwa hiyo wanaowaiba kuwauza ng'ambo huvunja jabali kwa mtaimbo. Jabali likishavunjwa, hakuna kobe mwingine atakayekaa pale tena. Na jike hutaga yai moja tu kila anapotaga. Ukiweka mambo hayo mawili pamoja, mitaimbo upande huu na yai moja upande ule, huhitaji mwalimu kukuambia kwa nini wamebaki wachache. Wetu walikamatwa mpakani ndani ya sanduku la nguo, kila mmoja amefungwa kwenye soksi. Baadhi walikuwa wamekufa humo humo. Waliobaki hawakuweza kurudishwa kwao, kwa kuwa hakuna aliyejua walitolewa jabali lipi, na watu wa wanyamapori wakampa Daktari kibali cha mwaka mmoja: akionyesha kwamba wanaweza kuzaa hapa, watabaki. La sivyo watapelekwa kwenye bustani ya watalii, wakae kwenye sakafu ya saruji, watazamwe mpaka wafe mmoja mmoja. Siku ya kwanza, tukiwa tumepiga magoti tukikata soksi kwa mkasi wa kukatia kwato, Daktari aliniambia, "Nataka mtoto mmoja. Mmoja tu, kabla hii mwaka iishe." Hakusema tena, lakini kila asubuhi alipotoka nje kushika ukingo wa shimo na kutazama chini, nilijua anachotafuta.

Kazi yangu ilikuwa kukusanya majani na maua, kubadilisha maji, na kukaa. Kukaa ndiyo ilikuwa kazi kubwa. Nilikaa juu ya jiwe nikimtazama jike mmoja mkubwa mwenye kovu shingoni, kwa sababu ndiye peke yake aliyekuwa akichimbachimba udongo kwa miguu ya nyuma. Wengine walikuwa bado na hofu ya sanduku, wanachungulia tu kutoka kwenye nyufa. Yeye alitoka siku ya tatu, akala ua la hibiskasi lote, akanitazama kana kwamba nimechelewa kuleta la pili. Tulimwita Shosho. Alipotaga yai lake la kwanza, jeupe, refu kidogo, dogo kuliko la kuku, Daktari alilishika kwenye kiganja akakosa la kufanya. Ukiwa Kitengela na huna la kufanya na yai, unatumwa kwa Mama Njoki.

Alikuja siku hiyo hiyo kwa pikapu, yeye mbele na mashine yake ya kuangulia nyuma, imefunikwa blanketi kama mgonjwa. Ilikuwa sanduku la mbao lenye balbu ndani na dirisha la kioo, la kutengenezwa na fundi. Daktari alitegemea kuazimwa mashine. Hakutegemea kuletewa na mwenyewe. "Hii mashine iko na tabia zake kama bwana ya mtu," Mama Njoki alisema akivua leso. "Huwezi achia mtu. Lazima nikuwe karibu." Basi akawa karibu. Asubuhi alihudumia kuku wake Noonkopir, halafu akaja kwetu, akashinda hadi jioni, na ndani ya wiki moja jikoni ya Daktari ilikuwa na vikombe vinavyolingana.

Alichukua lile yai la kwanza, akalishika kwenye mwanga, akatoa kalamu ya risasi kwenye nywele zake. Upande mmoja akaandika X, upande wa pili O. "Sasa, kairitu, sikia," aliniambia. Ndivyo alivyoniita mwaka mzima, msichana, hata mbele ya wageni. "Yai ni kama mgonjwa wa kitanda. Usipomgeuza, anashikana na godoro. Mtoto anashikana na gamba, anakufa. Asubuhi X inakaa juu. Saa sita, O. Jioni, X tena. Umeelewa?" Nilielewa. Nani Kitengela hakuelewa? Kila nyumba ya pili ilikuwa na kuku, na hata Daktari, ambaye marehemu mkewe alifuga, aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa maji ni maji. Kila mara kabla ya kushika yai la Shosho, Mama Njoki alinawa mikono, akaikausha, kisha akaisogeza kwenye jiko mpaka ipate joto, asije akalishtua. Akaligeuza kwa vidole viwili, huku akiimba kitu cha kanisani kwa sauti ya chini. Nimewaona mama wengi wakishika watoto wao, na si wote walioshika hivyo. Shosho akataga la pili, na baada ya muda la tatu, na yote yakapata X na O.

Nikikumbuka mwaka ule, nakumbuka kwanza maneno niliyoyasikia kupitia ukuta wa mabati, mimi nikiwa chumba cha mashine na wao wawili jikoni. Walitaniana kutwa. Mama Njoki akipika githeri, Daktari angezungusha kijiko na kusema, "Hii chakula mtu anatafuna mpaka anasahau alikuwa na njaa. Hata ng'ombe yangu inapewa mahindi imesagwa." Naye angejibu, "Na wewe unakunywa hiyo ng'ombe, damu na maziwa, halafu unaogopa maharagwe." Jumamosi ilikuwa siku ya chapati. Alisukuma kwa chupa ya soda, na hakuna Jumamosi aliyoacha kumwekea Daktari ya juu kabisa na kumwambia, "Kula pole pole, isije ikakimbia ikaingia kwa mawe." Daktari hakucheka, lakini hakukosa nyumbani Jumamosi. Nilikuwa na umri wa kudhani kwamba watu wakubwa huishi kwa ajili ya mambo makubwa. Pale nilijifunza kwamba mtu anaweza kuvuka mwaka mgumu kwa sababu ya anayemchokoza mezani.

Lakini mayai hayakuwa yanakwenda. Tulikuwa tukiyamulika kwa tochi chumbani, mlango umefungwa, vichwa vitatu vimekaribiana. Wiki za mwanzo lile la kwanza lilionyesha mishipa myembamba myekundu, na Mama Njoki alipiga makofi. Halafu mishipa ikafifia, ikawa kivuli tu. "Ni mtoto amekua, amejaza," alisema. Yai la kuku lingekuwa limeshaanguliwa mara kadhaa, lakini kobe hana haraka, na hakuna kati yetu aliyejua ni miezi mingapi ya kusubiri. Niliwahi kumsikia akimwambia Daktari, kwa sauti isiyo ya utani, "Mimi sijawahi shindwa na yai. Nimeshindwa na mambo mingi, lakini si yai." Daktari akamjibu, "Hujashindwa. Hii mwaka bado iko."

Katikati ya mwaka Njoki, binti yake aliyeolewa Nyeri, alipata mapacha kwa upasuaji, na Mama Njoki akaenda kwa wiki mbili. Alikaa miezi mitano. Kabla ya kuondoka alinifanya nirudie maagizo yake yote kama aya ya kukariri, X asubuhi, O saa sita, X jioni, akanipa kalamu yake ya risasi. Haikupita wiki, transfoma ya mtaa ikaungua, tukakaa bila stima. Mashine ikapoa. Tulijaribu chupa za maji moto, blanketi, kila kitu. Hatimaye Daktari akasema bora tujue. Alitandika gazeti kwenye meza ya jikoni, akayafungua mayai yote kwa kisu chake cha upasuaji. Mawili yalikuwa maji tu. La kwanza lilikuwa na kobe. Alikuwa mdogo kuliko ukucha wa dole gumba, amekauka, amekufa kabla hata stima haijapotea, kitambo kirefu. Alikuwa na macho. Nililia mpaka nikaona haya, na Daktari, ambaye alikuwa ameona ndama wengi wakifa mikononi mwake, aligeukia dirisha akasimama hapo. Kisha akalikunja lile gazeti vizuri, akalizika nyuma ya jikoni chini ya mshubiri.

Siku hizo hizo Shosho akachimba tena. Nililiona yai likishuka, jua likiwa bado liko juu, nikamwita Daktari, tukasimama pale bila mashine, bila stima, bila Mama Njoki. "Lete sufuria," akasema. Akaijaza udongo ule ule aliokuwa ameuchimba Shosho, akalilaza yai ndani kama lilivyolala shimoni, akalifunika. Tukaiweka kwenye rafu iliyo juu ya jiko, pale ambapo Mama Njoki alikuwa akiumulia unga wa mandazi kwa sababu palikuwa na joto la upole mchana na usiku. "Na kugeuza?" nikauliza. "Tutakuwa tunafukua mara tatu kwa siku? Tutalivunja. Wacha likae tu. Hii ni ya kujaribu." Alivyolisema ilikuwa wazi kwamba hakulitegemea. Mama Njoki alipopiga simu kutoka Nyeri, na watoto wawili wakilia nyuma yake, swali lake la kwanza lilikuwa moja. "Mnageuza?" "Hakuna stima, Mama." "Kwani mkono inatumia stima? Geuza!" Nikamwambia kuna lingine tumeliweka kwenye sufuria. "Sufuria!" akasema, na mtandao ukakatika. Stima ilirudi, fundi akaitazama mashine, lakini Shosho akawa hatagi tena. Kiangazi kilikuwa kimeingia. Tulibaki na lile moja la sufuria, na kila siku nikipika chai nilikuwa nikiitazama kama mtu anayemtazama mdeni asiye na nia ya kulipa.

Afisa wa wanyamapori alikuja mwaka ukielekea mwisho, kijana mwenye adabu na viatu safi. Aliwaona kobe, akawasifu kwa afya yao, kisha akaomba kuona mayai. Nikamwonyesha rafu. "Hii ndio mashine?" akauliza akiitazama sufuria, bila kejeli, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alikunywa chai yake akamaliza. "Mzee, mimi naandika kile nimeona," akamwambia Daktari. "Mwaka ikiisha kama hakuna kitu, watakuja na gari. Pole sana." Daktari alimsindikiza hadi barabarani, akarudi akakaa ukingoni mwa machimbo mpaka jua likaanza kumchoma kichwa, nikampelekea kofia. Hakuipokea. Nilimwekea kichwani mwenyewe. Kule chini Shosho alikuwa akila.

Ilikuwa asubuhi, Disemba, maziwa yamechemka yanakaribia kumwagika. Niliinua sufuria ya maziwa kutoka kwenye jiko, macho yakapita kwenye rafu, nikaona udongo umepasuka. Nikadhani ni mende. Halafu ule ufa ukasukumwa kutoka chini, kikatokea kichwa. Nilimwaga maziwa. Sikumbuki nilipiga kelele gani, lakini Daktari alikuja mbio na sabuni ya kunyolea kwenye shavu moja, akadhani nimeungua. Nilimwonyesha tu. Kalikuwa kadogo kama biskuti, kana mistari ya manjano, jicho moja limejaa udongo, na kalikuwa kakikazana kutoka kwa hasira ambayo hadi leo huwa naikumbuka ninapochoka. "Enkai ai," Daktari alisema. Mungu wangu. Akakaa kwenye kigoda, machozi yakapita kwenye sabuni, wala hakuyafuta. Tulifurahi mpaka tukasahau kufunga mlango, na mbuzi wa jirani akaingia akala mboga ya sukuma ya mchana.

Baada ya chai Daktari alimpigia simu rafiki yake waliyesoma pamoja, mtaalamu wa wanyama watambaao huko Nairobi, mtu ambaye angefaa kupigiwa Januari lakini Daktari alikuwa na kiburi cha watu wa ng'ombe. Nilikuwa upande wa pili wa mabati nikisafisha yale maziwa. Nilimsikia akisimulia, akicheka, kisha akisikiliza. "Eeh," akasema. "Eeh. Hata mara moja? ... Hapana, tulikuwa tunafanya kama ya kuku. ... Kumbe." Alipotoka uso ulikuwa umebadilika. Yai la kobe, aliniambia, haligeuzwi. Siku za mwanzo tu mtoto hujishikiza juu ndani ya yai, na hapo ndipo anapokulia. Ukiligeuza unamzamisha. Nilisimama na kitambaa mkononi nikiiona ile mikono miwili ikiota joto kwenye jiko, X asubuhi, O saa sita, X jioni. "Usimwambie," Daktari akasema. "Nani?" "Unajua nani." "Atauliza." "Akiuliza nitajibu mimi."

Aliuliza. Alirudi kabla ya Krismasi na mfuko wa nduma, mkungu wa ndizi na picha za mapacha, na hata hakuketi kabla hajamwona mtoto wa Shosho. Akamweka kiganjani. Watoto wa kobe hawa huzaliwa wakiwa mviringo kidogo, huwa bapa baadaye, na Mama Njoki alimtazama kwa upande, akamtazama kwa juu. "Hii bado haijasukumwa," akasema, "hii ni donge!" Tukacheka wote watatu mpaka Daktari akakohoa. Akamshukuru Mungu kwa Kikuyu, kwa Kiswahili, na kwa neno moja la Kimaasai alilokuwa amejifunza. Kisha, bado anacheka, "Mlikuwa mnamgeuza mara ngapi?" Daktari alikuwa mtu ambaye hakuwahi kumdanganya hata mwenye ng'ombe anayekufa. "Kama kawaida, Mama Njoki," akasema. Yeye akaitazama sufuria. Udongo wa chini ulikuwa umegandamana kama tofali, na yai lilikuwa limeacha umbo lake humo, mahali pamoja tu, wazi kama alama ya kidole kwenye unga. Akapitisha kiganja juu yake. "Na yale mengine yako wapi?" akaniuliza mimi. Nikamwonyesha mshubiri kupitia dirishani. "Sawa," akasema. "Sawa, Daktari." Akanawa mikono, ingawa haikuwa michafu, akamenya nduma, tukala. Jioni alipokuwa akiondoka nilimwona amesimama nyuma ya jikoni, mkoba kwenye kiwiko, akitazama chini. Nilitaka kumfuata. Nilikuwa nampenda, na sikujua mtu mkubwa hufarijiwa vipi, nikabaki mlangoni.

Gari halikuja. Afisa yule alikuja mwenyewe kumwona mtoto, akampiga picha na simu yake kutoka kila upande, na kibali kikaongezwa. Mimi nilikuwa nimebakisha wiki chache kwenda chuoni. Mvua fupi zikawa zimelainisha udongo, na Shosho akataga tena siku ambayo nilikuwa nimetumwa Kajiado. Niliporudi nilikuta Mama Njoki jikoni anakanda unga, na sufuria iko kwenye rafu, siyo kwenye mashine. Mashine alikuwa ameshaijaza mayai ya kuku. Nilinyanyuka kwenye vidole vya miguu nikachungulia. Yai lilikuwa limelala kwenye udongo, sehemu ndogo ya juu ikionekana, na juu yake kuna X. Ilikuwa saa sita. Nilisubiri aoshe mikono, aipashe joto, aje. Aliendelea kukanda. Akaenda kwenye mashine, akageuza mayai ya kuku yote, moja moja, akarudi kwenye unga wake. Mimi nina mdomo usiojua kukaa. "Mama," nikasema, "umesahau O." Hakuinua kichwa. "Sijasahau," akasema.

Hakusema zaidi ya hapo, siku hiyo wala nyingine. Kila niliporudi likizo nilimkuta, na kila yai la Shosho lilikuwa na X moja, ya kuonyesha upande wa kubaki juu, na sufuria yake. Nimekuwa nikijiuliza miaka yote hii ni kitu gani kilichonigusa pale, na nadhani ni hiki: alikuwa na kila sababu ya kuchukua mashine yake aende. Kuku wake hawakuwahi kumwaibisha. Angeweza kukaa Noonkopir na trei zake, hakuna ambaye angemuuliza. Badala yake alirudi kesho yake, akachemsha chai, akajifunza kutogusa kitu ambacho maisha yake yote alikuwa amekipenda kwa kukigusa. Mimi nimefundisha miaka mingi, na nikiona mwanafunzi amekosea, amejua, na bado amerudi darasani asubuhi, najua huyo atafika.

Tulipomaliza kumzika, Daktari alinishika mkono. "Twende kwa kwari," akasema. Tukaenda machimboni tukiwa na nguo zetu za mazishi, vumbi la kaburi bado kwenye viatu. Shimo lile sasa limejaa mawe yaliyopangwa, na kobe ni wengi kiasi kwamba wengine walishapelekwa kwenye majabali yanayolindwa, wakaachiwa. Daktari hawezi tena kushuka, kwa hiyo kazi yote inafanywa na msichana mmoja anayeitwa Sanaipei, mwenye buti za mpira na simu inayoimba mfukoni. Shosho bado yupo. Bado ana kovu lake, na alinitazama vile vile, kwamba nimechelewa. Alikuwa ametaga asubuhi hiyo, na yai lake lilikuwa tayari limefunikwa kwenye sufuria ya udongo. Sanaipei alipiga magoti, akaondoa udongo kwa brashi ya rangi mpaka yai likaonekana juu kidogo, akachomoa kalamu ya risasi kwenye nywele zake, akaandika X.

"Na upande wa chini?" nikamuuliza.

Alinitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mgeni. "Chini hatugusi, Mwalimu. Ukigeuza unaua."

"Nani alikufundisha?"

"Si ndio vile hufanywa," akasema.

Daktari alikuwa ameketi juu pale ukingoni, akajifanya anatafuta kofia yake. Mimi nilifungua mkoba, nikatoa kile kijitabu cha kurasa nane, nikakifungua kwenye ile picha kubwa, nikamnyooshea. "Huyu hapa," nikasema. "Ndiye aliyeanza hiyo X yako."

Sanaipei akaitazama picha. "Huyu wa kuku?"

"Huyo huyo wa kuku."

Akafuta mikono kwenye suruali, akakipokea kwa mikono miwili, akakibana kwapani. Kisha akainua sufuria yenye yai, akatembea nayo polepole bila kuitikisa hadi jikoni, akaiweka kwenye rafu iliyo juu ya jiko, na kando yake akakisimamisha kijitabu, kimefunguka hapo hapo.